UZI: Kambi ya Waingereza Nanyuki, ya Wamarekani Manda: mwanajeshi mgeni akiua, anashtakiwa wapi?

MkaaziWaLaikipia ameanzisha mada:

Habari zenu wanajukwaa.

Kila mada ya kambi za kijeshi za kigeni ikifunguliwa humu, watu hugawanyika mapema. Hawa wanadai mabeberu waondoke leo hii, wale wanauliza nani atatulinda na Al-Shabaab. Leo naomba tujadili jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, na kwangu mimi ndilo kiini. Mwanajeshi wa nchi rafiki akiua raia, akibaka, au akichoma malisho ya watu, nani ana haki ya kumkamata, wapi anashtakiwa, na kesi inachukua miaka mingapi?

Mimi naishi Nanyuki. Kambi ya Nyati, makao ya kikosi cha mafunzo cha Uingereza kinachoitwa BATUK, iko jirani na uwanja wetu wa ndege za kivita. Msimu wa mazoezi ukianza, huhitaji kuambiwa. Malori yanapita kuelekea Archer's Post na kwenye mashamba makubwa ya Laikipia, hoteli zinajaa, wenye bodaboda wanahamia karibu na baa, na mama wa nyanya anafunga meza yake saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili. Jirani yangu ni fundi bomba, na watoto wake wamesoma kwa kazi za kandarasi za ndani ya kambi. Kwa hiyo asije mtu hapa kusema kambi haina faida kwa mwananchi. Faida ipo na tunaila.

Lakini tunaijua na hesabu ya upande wa pili.

Waingereza hawajawahi kuondoka kabisa tangu uhuru. Makubaliano ya ulinzi yalifanywa 1964, na yamekuwa yakifanywa upya serikali baada ya serikali. Huku Dol Dol na Archer's Post, wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu wamelisha mifugo kwa miaka mingi kwenye ardhi ileile inayotumika kwa shabaha. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki kwenye nyasi. Mtoto anachunga mbuzi, anaona chuma kinang'aa, anakiokota. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228, wengine wamekatika mikono na miguu, wengine ni familia za waliokufa. Kesi hiyo haikufunguliwa Nairobi. Wanasheria wa London ndio walioibeba.

Kisha Machi 2012, Agnes Wanjiru. Alikuwa na miaka 21 na mtoto mchanga wa miezi mitano. Alionekana mara ya mwisho hotelini hapa mjini akiwa na wanajeshi wa Uingereza, na baada ya zaidi ya miezi miwili mwili wake ukapatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo. Mahakama ilichunguza kifo chake, na Novemba 2019 Hakimu Njeri Thuku akaamua kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Miaka saba kujua tu kwamba ni mauaji! Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu Nairobi Septemba 2025. Novemba mwaka huo huo mwanajeshi huyo wa zamani akakamatwa Uingereza. Anakana, na hiyo ni haki yake mbele ya sheria. Ila yule mtoto wa miezi mitano sasa ni kijana anayesoma habari za mama yake mwenyewe magazetini.

Sitaacha Lolldaiga, hifadhi iliyoko hapa Laikipia. Machi 2021 moto uliwaka wakati wa mazoezi na kuteketeza maelfu ya ekari. Wakazi walipoenda kortini, jibu la kwanza la Uingereza lilikuwa kinga, kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikataa hoja hiyo 2022. Mwaka 2025 wakakubali kulipa takriban pauni milioni 2.9 kwa wadai zaidi ya 7,000. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja amepata nini kwa mapafu yake na malisho yake.

Msimamo wangu ni huu. Siombi kambi ifungwe. Nataka mkataba useme waziwazi kwamba mwanajeshi mgeni anayetuhumiwa kosa la jinai dhidi ya raia anakabidhiwa kwa polisi wetu kabla hajapanda ndege, na kesi inasikilizwa hapa. Mshirika asiyekubali hilo, mimi sioni ushirika wake uko wapi. Karibuni.

---

AfandeMstaafu amejibu:

Mkuu, umeandika kwa heshima na mimi nitajibu kwa heshima. Nimevaa gwanda miaka mingi.

Wengi humu hawajui kambi kama ile inatupa nini. Tuliingia Somalia Oktoba 2011. Shambulio la duka la Westgate, Nairobi, likaja 2013, watu 67 wakafa. Chuo cha Garissa 2015, 148, karibu wote wanafunzi. Vijana wetu wengi kule Somalia wameuawa na bomu la kutega barabarani. Pale Embakasi vijana wetu na wenzao wa nchi nyingine za Afrika wanafundishwa kulitafuta na kulitegua, na Waingereza wamechangia sana mafunzo hayo. Nimezika wenzangu waliokufa kwa mabomu hayo, na ninao wengine wako hai kwa sababu mtu aliwafundisha wapi pa kukanyaga.

Hoja yako ya kukabidhiwa kwa polisi ni nzuri kwenye karatasi. Lakini hakuna jeshi duniani linalopeleka askari wake nje bila kinga fulani. Sisi wenyewe tukiwa Somalia, unadhani askari wetu angehukumiwa na mahakama ya Mogadishu? Utaratibu unaojulikana, ule wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu 1951, unagawa hivi: kosa likifanyika kazini, nchi ya askari ina haki ya kwanza ya kumshtaki, likifanyika nje ya kazi, haki ya kwanza ni ya mwenyeji. Hilo ni la haki kwa pande zote mbili.

---

MkaaziWaLaikipia amejibu:

Afande, asante, na pole kwa wenzako. Hilo la Embakasi silipingi hata neno moja.

Ila mgawo huo wa kazini na nje ya kazi ndio mlango wenyewe wa kutorokea. Nani anaamua kwamba kijana alikuwa kazini? Kwa kawaida ni cheti cha mkuu wake wa kikosi. Na hata pale haki ya kwanza ni ya mwenyeji, swali la pili ni nani anamshikilia mshukiwa wakati upelelezi unaendelea. Kesi ya Wanjiru haikukwama kwa kukosa kifungu. Wahusika walikuwa wameshamaliza zamu yao na kurudi kwao, faili likabaki Nanyuki.

Tazama Okinawa. Kisiwa kile ni chini ya asilimia 1 ya ardhi ya Japani, lakini kinabeba takriban asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na kambi za Marekani nchini humo. Septemba 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka mtoto wa shule wa miaka 12. Kwa mkataba wa wakati ule, walikaa mikononi mwa Wamarekani hadi waliposhtakiwa rasmi. Watu wa Okinawa wakajaa barabarani, makumi ya maelfu. Mkataba wenyewe haukubadilishwa, lakini Marekani ikakubali kwamba kwenye kesi za mauaji na ubakaji italifikiria kwa moyo mwema ombi la kukabidhi mshukiwa kabla ya mashtaka. Na wale watatu walihukumiwa na mahakama ya Japani, wakafungwa Japani. Mmarekani hakufunga virago akaondoka. Kwa hiyo inawezekana, na inawezekana kwa mshirika mkubwa kuliko wote.

---

BintiAmu amejibu:

Assalaam aleikum nyote.

Mumezungumza ya bara, na mimi nizungumze ya kwetu Lamu. Kambi ya Manda Bay iko kwenye ghuba ambayo babu zetu walivua. Tarehe 5 Januari 2020, kabla jua halijatoka, Al-Shabaab waliingia pale. Wamarekani watatu walikufa, mwanajeshi mmoja na makandarasi wawili, ndege zikaungua. Moshi ule ulionekana mbali. Siku hiyo nzima twauliza, na hakuna wa kutujibu.

Mimi sina chuki na wale vijana waliokufa, nao wana mama zao. Ninachosema ni kwamba mwaambiwa kambi yaleta usalama, na sisi tulio karibu nayo ndio tunaobeba hofu. Usiku marufuku kuvua kwa miaka, kwa sababu ya usalama. Mvuvi wa jarife, kazi yake ni usiku. Ukimfungia usiku umemfungia chakula. Iliondolewa 2018 baada ya watu kulia sana. Fidia ya miaka ile yote ya nyavu kukaa juani, nani kalipwa?

Tena mkataba wa Wamarekani, ule uliotiwa saini Nairobi Septemba 2023 na Lloyd Austin, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati ule, wa miaka mitano, ni mwananchi gani wa Lamu aliyeitwa barazani akaulizwa? Huko Nanyuki angalau kamati ya Bunge ilikuja kusikiliza watu.

---

MjukuuWaTunguu amejibu:

Dada BintiAmu umenigusa.

Sisi Zanzibar tulikuwa na kituo cha Wamarekani pale Tunguu. Kilijengwa 1960 kufuatilia vyombo vyao vya anga, mradi wa Mercury. Wao walisema ni cha sayansi tu, wazee wetu wakasema hapana, hiki ni kituo cha maroketi, wakaandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi serikali ikawaambia wakiondoe, na 1964 kikaondoka. Kilikuwa na silaha? Hakikuwa nazo. Lakini angalieni somo lake: watu hawakuelezwa, wakajaza wenyewe pale palipoachwa wazi.

Na Mwalimu Nyerere alitufundisha bei ya kukataa. Wajerumani wa Magharibi walikuwa wanatufundishia kikosi cha anga. Ulipozuka mgogoro wa Wajerumani wa Mashariki kuwa na ofisi Zanzibar, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, wakaondoa wakufunzi wao 1965. Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada yenu mingine. Tulikuwa masikini kweli wakati ule, lakini hakuna mtu aliyetupangia rafiki.

---

AfandeMstaafu amejibu:

Mjukuu, historia isomwe yote. Januari 1964 jeshi la Tanganyika lilipoasi, Mwalimu huyo huyo aliwaomba Waingereza. Makomando walishuka kutoka meli ya HMS Centaur wakaizima kambi ya Colito. Kenya na Uganda nao wiki ile ile waliomba. Bila mshirika mwenye jeshi karibu, tusingekuwa tunazungumza hivi leo.

---

MjukuuWaTunguu amejibu:

Kweli kabisa Afande, aliwaomba. Na alisema hadharani kwamba ni aibu kwa taifa. Kisha akaitisha kikao cha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Dar es Salaam, akawaomba Wanaijeria waje kushika nafasi ya Waingereza, wakaja, Waingereza wakaenda zao. Akalivunja jeshi lile na kujenga jipya. Alimwita mgeni kwa kazi moja, kazi ilipoisha akamsindikiza. Ndiyo tofauti yangu na nyinyi wa 1964 hadi leo.

---

SautiYaSahel amejibu:

Mnazunguka bure. Fanyeni kama Niger. Machi 2024 walivunja mkataba, na kufika Septemba Wamarekani wameiacha ile kambi ya Agadez iliyowagharimu zaidi ya dola milioni 100. Wafaransa wametolewa Mali, Burkina Faso, Niger, Chad, na Julai 2025 wakakabidhi kambi yao ya mwisho Senegal. Afrika imeamka.

---

MkaaziWaLaikipia amejibu:

Ndugu, Senegal sitaiweka kapu moja na Niger. Senegal walipiga kura, wakachagua rais, rais akasema waondoke, wakaondoka kwa makabidhiano. Niger walioamua ni wanajeshi waliompindua rais aliyechaguliwa. Na Wamarekani hawajamaliza kufungasha, Warusi walikuwa tayari wameshaingia kwenye kambi ya Niamey ambako Wamarekani bado walikuwepo. Mkataba wa Warusi unasemaje kuhusu askari wao akiua mwanamke wa Niamey? Hakuna raia aliyeonyeshwa. Sasa wamepata nini?

---

MswahiliWaMaskati amejibu:

Salaam kutoka Omani. Nachangia kidogo.

Hapa Ghuba kambi ni jambo la kawaida, watu hata hawalizungumzii barazani. Lakini mwaka 2025 uliwafungua macho wengi. Qatar ina Al Udeid, kambi kubwa kabisa ya Marekani katika eneo hili. Juni, Iran ikarusha makombora kwenye kambi hiyo, kulipa mashambulizi ya Marekani juu ya vituo vyake vya nyuklia. Qatar haikuwa imempiga mtu. Septemba, Israeli ikapiga jengo Doha penyewe. Yaani kambi ilimletea mwenyeji makombora ya adui wa mgeni, na haikumkinga na rafiki wa mgeni.

Na Omani inakumbuka 1980. Ndege za Marekani zilizokwenda kujaribu kuwaokoa mateka wa Tehran ziliondokea kisiwa cha Masirah. Kwa hiyo mkuu wa mada, ongeza kifungu kwenye mkataba wako: mgeni hatumii ardhi yangu kupiga nchi ya tatu bila ruhusa yangu ya maandishi.

---

MwanaSheriaWaPwani amejibu:

Nimesoma uzi wote na nakubaliana na nusu yake. Mkuu, umeweka matumaini yako yote kwenye "kesi isikilizwe hapa". Ngoja nikukumbushe Monica Njeri.

Mombasa, 1980, mwaka ule ule Kenya ilipokubali meli za kivita za Marekani zitumie bandari yetu. Baharia wa Marekani alimuua dada huyu. Alikamatwa na polisi wetu. Alishtakiwa kwenye Mahakama Kuu yetu, hapa hapa Pwani. Akakiri kuua bila kukusudia. Jaji, Mwingereza aliyekuwa akitumikia Kenya, akamwachilia kwa hati ya dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya kuwa na mwenendo mwema. Shilingi mia tano!

Mambo yote unayoyataka yalikuwepo: polisi wetu, ardhi yetu, mahakama yetu. Na haki haikupatikana, kwa sababu mwanamke maskini wa baa alionekana si kitu na meli zile zilionekana ni kila kitu. Mkataba mzuri hautakusaidia ikiwa mwendesha mashtaka wako mwenyewe anamwogopa balozi.

---

MkaaziWaLaikipia amejibu:

Wakili, hapa umenishika, na nitajibu bila kukimbia.

Tofauti kati ya Monica na Agnes ni kwamba kesi ya Monica tunaijua. Jina la jaji liko kwenye kumbukumbu, hukumu iko, watu waliisoma wakaghadhibika, na miaka zaidi ya arobaini baadaye wewe unaitaja kwa shilingi na senti. Hukumu mbovu iliyotolewa mbele ya watu inaweza kupingwa na kuaibishwa. Kesi ya Agnes ilikaa miaka tisa ndipo gazeti la Uingereza, Oktoba 2021, likaandika kwamba wanajeshi wenzake mshukiwa walikuwa wanajua na walizungumza. Wao walizungumza kwao, sisi tukaendelea kupita mbele ya ile hoteli.

Lakini nakubali kwamba kifungu peke yake hakitoshi. Ripoti ya kamati ya Bunge iliyotoka mwishoni mwa 2025 inasema BATUK walikataa kufika mbele ya kamati wakidai kinga. Kamati ya Bunge! Na serikali yetu ilifanya nini? Haikufanya chochote ambacho mimi nilikiona. Kwa hiyo ndiyo, woga uko Nairobi pia, si London peke yake.

---

BintiAmu amejibu:

Na pesa je? Djibouti, nchi ya watu kama milioni moja, inapangisha Camp Lemonnier kwa Marekani karibu dola milioni 63 kwa mwaka, na ina Wafaransa, Wajapani, Waitaliano na Wachina juu yake. Mauritius nao, kwa mkataba wa Mei 2025, wameahidiwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka kwa ajili ya Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya Waingereza na Wamarekani. Sisi twapata nini, na kati ya hicho Lamu yapata nini?

---

MwanaSheriaWaPwani amejibu:

Dada yangu, kwa Diego Garcia usiangalie kodi peke yake. Watu wa Chagos, visiwa ambavyo Diego Garcia ni kimojawapo, waliondolewa visiwani kati ya 1968 na 1973 ili kambi ijengwe, na mkataba huo wa 2025 unawaruhusu kurudi visiwa vingine lakini si Diego Garcia yenyewe. Kodi imeahidiwa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius. Aliyezaliwa kisiwani bado haruhusiwi kwenda kuishi pale.

Na Djibouti sidhani mwananchi wa kawaida anaiona hiyo milioni 63.

---

AfandeMstaafu amejibu:

Nimewasikiliza. Nami nisingependa askari yeyote, wetu au wa kwao, ajifiche nyuma ya gwanda baada ya kumuua binti wa mtu. Hilo ni kosa la jinai, halina uhusiano na uanajeshi. Lakini ombi langu kwenu: msifike mahali pa Ufilipino. Septemba 1991 Baraza la Seneti lilikataa kuongeza mkataba wa kambi, 12 kwa 11, kambi ya Wamarekani ya Subic ikafungwa 1992. Kufika 2012 Wachina wameshika eneo la bahari la Scarborough ambalo Ufilipino inalidai, na 2014 serikali ikalazimika kusaini mkataba mpya wa kuwarudisha Wamarekani. Kumfukuza mshirika ni siku moja, kumrudisha ni miaka.

---

MkaaziWaLaikipia amejibu:

Afande, mfano wa Ufilipino naupokea, ila nauona upande mwingine. Ule uamuzi ulifanywa na maseneta waliotajwa majina, kura zikahesabiwa mbele ya nchi. Ecuador nao Novemba 2025 rais aliwauliza wananchi kama wanataka kambi za kigeni zirudi, wengi wakasema hapana. Wamekosea au wamepatia, wao waliulizwa.

Sisi tuna sheria ya 2012 ya mikataba inayotaka Bunge na umma kushirikishwa. Mkataba wa sasa na Uingereza ulitiwa saini Julai 2021, ukapita Bungeni 2023, na hii mikataba huandikwa kwa miaka mitano mitano. Maana yake unaofuata uko karibu. Mimi na wenzangu hapa Nanyuki tunaandika maoni kwa kamati, na baada ya uzi huu yamekuwa na mambo manne: mshukiwa wa mauaji au ubakaji akabidhiwe kabla ya kuondoka nchini, cheti cha "alikuwa kazini" kithibitishwe na jaji wa Kenya, viwanja vya mazoezi visafishwe mabomu kila msimu na ripoti iwekwe wazi kwa chifu wa eneo, na hili la ndugu yetu wa Maskati, kutotumia ardhi yetu kupiga nchi nyingine bila idhini ya Bunge.

BintiAmu, ukituletea maneno ya wavuvi tutayaweka kama sehemu ya tano, kwa jina la Lamu na si la Laikipia. Wakili, tunahitaji mtu wa kutusahihishia lugha ya sheria. Nitumieni ujumbe wa faragha.